Sanduku la Chatu wa Lubinza

Kwa jina lake Aliyeumba wanaotambaa kwa matumbo na wanaokwenda kwa miguu, akajua makazi ya kila mmoja wao.

Watu wa habari hii ni watatu. Wa kwanza ni Nazari, fundi seremala wa mtaa wa Viwanja Sitini, mtu mpole asiyependa lawama. Wa pili ni Lubinza, Msukuma ambaye mpunga ukishavunwa hucheza ngoma na chatu shingoni, na kwa ngoma hiyo nyumba yake hula. Wa tatu ni Evelina, mkewe, mzaliwa wa Mlimba, aliyemwogopa nyoka yule mwaka mzima, kisha akamzoea kama mtu amzoeavyo mkwe.

Baridi ya Juni iliposhuka kutoka milima ya Udzungwa, chatu alikataa kula. Lubinza akaagiza sanduku la mbao lenye joto. Nazari alilitengeneza kwa uangalifu: balbu ya kulelea vifaranga aliifunga upande mmoja tu, ili nyoka akilemewa na joto ahamie wa pili, akaizungushia wavu wa waya, asije akaikumbatia akaungua, akatoboa matundu ya hewa. Mwisho, kama afanyavyo kwa kila fremu ya mlango, akalipaka oili chafu ya magari ndani na nje, lisiliwe na mchwa.

Sasa Nazari alikuwa amechuchumaa mbele ya sanduku hilo, ameitwa alitazame. Chatu alikuwa ameinua kichwa, kinywa wazi, ute ukimchuruzika. Lubinza alieleza kwamba Evelina aliyaziba matundu kwa matambara, nyoka akakosa hewa. Matambara yametolewa tangu juzi, na hali inazidi. Amekwisha kumwambia mkewe arudi kwao. Mzigo wa kanga ulikuwa umefungwa tayari, uko kizingitini.

"Nilimwonea huruma, fundi," Evelina alisema. "Nilidhani baridi inapita pale."

"Huruma gani ya kumziba mwenzio pua?" Lubinza alimjibu.

Nazari akafungua mlango wa sanduku. Joto likampiga usoni, na ndani ya joto hilo harufu nzito, kama ya gereji wakati wa jua kali. Macho yakamwasha. Lubinza, mnusaji wa ugoro, hakuisikia. Evelina aliidhania harufu ya mbao mpya. Fundi peke yake ndiye aliyejua.

Alisema yaweza kuwa hewa, yaweza kuwa baridi. Maneno yalimtoka laini, kama yaliyopigwa msasa, na ulaini ule ukamtia hofu. Kisha Evelina akamletea chai kwa mikono miwili, akipiga goti, kama anavyopokewa mgeni asiye na doa. Kikombe kikamshinda kunyanyua.

"Mama, rudisha mzigo wako ndani," alisema. Akaendelea bila kumtazama Lubinza: "Ni oili, mzee. Niliipaka hadi ndani. Balbu inaichemsha, naye nyoka anauvuta mvuke wake. Mkeo hakumfanya hivi. Ni mimi."

Lubinza hakumtukana, tusi lingekuwa nafuu. Alizima balbu, akamtoa chatu, akaenda kuketi naye juani. Nazari akashika randa, akazikwangua mbao hadi zikawa nyeupe. Aliponusa, oili ilikuwa imezama mpaka kwenye nyuzi za mbao. Akaiweka randa chini, akasema atatengeneza jingine, la mbao tupu.

"Mchwa watalila," alisema Lubinza.

"Watalila. Nitatengeneza tena."

Lubinza akamwita mkewe aje ashike upande wa mkia, kwani mnyama alikuwa mzito. Evelina akaupita mzigo wake kizingitini, akaja, akaketi.

Fundi alipoondoka, mume na mke walikuwa hawajasemezana bado. Chatu alilala juu ya mapaja yao wote wawili, na kila mmoja ameweka kiganja ubavuni mwake, akingoja unyanyuke kwa pumzi. Mola awarehemu waliobaki uani pale, awape uzima, na awafungulie ndimi zao kwa upole.