Nilivyokufa Kwenye Fomu ya Mwanabaraka

Mjukuu wangu Mwanabaraka alipomaliza kidato cha sita pale Kibiti, aliomba chuo kikuu cha ng'ambo kinachochukua Watanzania wawili tu kwa mwaka. Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, mafuriko makubwa yamekwisha kupita, na kila njia panda imeota mwalimu wa tuisheni. Wa kwetu aliitwa Miraji.

"Alama nzuri kila mtu anazo," Miraji alimwambia. "Andika kitu kitakachomfanya msomaji aweke kikombe cha chai chini."

Akaandika, akaja kunisomea huku nachambua kisamvu. Kwamba hana wazazi, na hilo ni kweli. Kwamba bibi aliyemlea, Sihaba, alichukuliwa na mafuriko akiokoa madaftari yake, maiti yake ikaonekana siku ya tatu.

"Yaani umeniua, mke mwenza?"

"Kwenye karatasi tu, bibi."

"Tena kwa maji! Mimi mzaliwa wa Ngorongo, niliyekulia mtoni! Ungenipa hata mamba, nife na heshima."

Tukacheka mpaka kisamvu kikamwagika. Nikamtegea kitendawili: "Nyumba yangu haina mlango."

"Yai. Hicho cha watoto, bibi."

"Na mwenyewe yuko nje anaitazama."

Akafikiri, akashindwa. Nami ghafla sikutaka kumpa jibu.

Baada ya miezi miwili barua ikaja. Habari yake imewagusa mno. Alhamisi atafika mwakilishi wao kutoka Dar, aone nyumba na kaburi. Akiridhika, nafasi ni yake.

Mwanabaraka hakula siku ile. Miraji akaja mbio. "Tuta la udongo tu, bibi, pale kwenye mikorosho. Wewe utakuwa jirani, Bi Tatu."

Ningeweza kukataa. Lakini mtoto alikuwa amekaa kizingitini ananitazama, na maisha yake yote yanangoja mdomo wangu. Nikasema, "Haya."

Mzee Sikujua, mchimba makaburi wetu, alituwekea jembe chini. "Kaburi la mtu aliyenisalimu asubuhi? Silichimbi. Mkishalipa jina, nani atalinyang'anya?"

Tukachimba wenyewe. Ndani tukalaza shina la mgomba, maana kwetu shimo la kaburi halifukiwi tupu. Lisipopewa kitu hudai mtu.

Mwakilishi alikuwa binti mpole aliyevaa buibui, jina lake Hajira. Alivua viatu kabla ya kulisogelea tuta, akainua mikono.

"Jina lake ninalo," akasema. "Mama yake aliitwa nani? Nimwombee ipasavyo."

Hilo Miraji hakutuandalia. Mwanabaraka akababaika. Ningeweza kutaja jina lolote la mwanamke yeyote wa Rufiji nzima, lakini ile mikono ilikuwa imeinuliwa kwa Mungu, na ulimi wangu ukagoma kudanganya.

"Mwanahawa," nikasema.

"Mwenyezi Mungu mrehemu Sihaba binti Mwanahawa. Mpanulie kaburi lake."

"Amina," wakaitikia. Nami nikaitikia. Baridi ikaniingia kwenye nyayo, ikapanda taratibu hadi magotini, jua la saa saba likiwa utosini.

Hajira akafunga faili lake. "Hongera, Mwanabaraka, umepata. Ila ujue, nafasi hii ni ya yatima asiye na mlezi. Kila mwaka tutakuja kuuliza hapa kijijini. Akionekana mlezi, unarudishwa." Akatazama saa. "Gari linaondoka sasa. Twende ukashughulikie pasipoti."

Mwanabaraka alifungasha nguo zake upesi. Kila siku ya mtihani nilikuwa namshika kichwa na kumpulizia dua, na sasa mikono iliniwasha kwa kutaka kufanya hivyo. Lakini Hajira alikuwa anatutazama. Mwanabaraka akanipa mkono kama wapeanavyo majirani.

"Bi Tatu, nitunzie kaburi la bibi."

Nikatafuta utani machoni mwake. Haukuwamo.

"Nenda, mwanangu," nikamjibu. "Nitamwambia umeondoka salama."