Bangili za Yazhini

Vasumathi hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Gazeti la Watamil wa Sydney likitoka, watu wa mtaa wa Wentworthville walianzia ukurasa wake. Leo kawachamba wanasiasa wanaokuja hekaluni kuvishwa mashada uchaguzi ukikaribia, kesho kawageukia wanaume wanaomwimbia mungu wa kike huku wake zao hawajakaa chini tangu alfajiri. Na habari ya wajane ndiyo usiseme! Kumweka mjane kando kwenye sherehe, aliandika, ni uonevu mtupu, na mkosi wa mjane ni hadithi ya kuwatishia wanawake.

Sasa mjane alikuwa yeye. Mumewe alifariki mwaka jana, na Jumamosi hii binti yao Yazhini, mimba ya miezi saba, alikuwa amekaa sebuleni akipakwa liwa mashavuni na kuvishwa bangili za kioo, ili mtoto tumboni asikie mlio wake. Na mama yake yuko wapi? Jikoni, anakoroga wali wa ukwaju ulioiva zamani.

Wala hakuna aliyemfukuza. Miguu ndiyo iliyokataa. Mimba mbili za Yazhini zilikwisha haribika, na Vasumathi, pamoja na makala zake zote, alikuwa anauogopa mkosi huo. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Amma yuko wapi?" Yazhini alimwita mama yake.

"Yuko na masufuria yake," akajibu Pankajam, jirani aliyejipa kazi ya kupanga foleni ya wanaovisha bangili. "Tuendelee, mwanangu, saa njema isitupite."

Huko jikoni, kando ya friji, alikaa Alamelu, mama mkwe wa Vasumathi, ambaye yeye humwita Attai, mjane tangu ujana. Hakuna makala ambayo hao wawili hawakugombana juu yake. Bibi huyu alizisoma zote kwa sauti, akisonya.

"Unakoroga nini, we? Wali umekuwa uji."

"Attai, niache."

"Nikuache! Umetupigia kelele gazetini mpaka nikawa naficha uso hekaluni. Leo ulimi umeupeleka wapi?"

"Naogopa," Vasumathi akasema, na machozi yakamtoka. "Kikimpata kitu yule mtoto, nitajisamehe vipi?"

Bibi akauliza, "Ulipokuwa na mimba ya Yazhini, kule Madurai, India, nani alikupikia?"

"Wewe."

"Na bangili nilikuvisha?"

Vasumathi akaacha kukoroga. Siku ile alikula, akacheka, akatamba na bangili zake. Hakuuliza mama mkwe yuko wapi. Ameandika juu ya wajane wa dunia nzima, kumbe wa nyumbani kwake hakumwona!

"Nilijificha jikoni kwa hofu hiyohiyo yako," bibi akasema. "Na mimba yako iliyofuata ikatoka vilevile, nami bado najificha. Sasa ule mkosi nani aliuleta? Masufuria?"

Akanyanyuka, akajifuta mikono kwenye sari, akaingia sebuleni. Pankajam akabaki mdomo wazi.

"Funga, nzi wataingia," bibi akamwambia, kisha akamvisha mjukuu wake bangili nyekundu na ya kijani. "Kama mkosi upo, unifuate mimi. Tumeshazoeana."

Lo! Vasumathi alisimama mlangoni akitazama. Mwanamke huyu, asiyewahi kuikubali hata sentensi yake moja! Hakujua kama alie au amwangukie miguuni. Akasogea, akachukua bangili na kumvisha mwanawe.

"Amma," Yazhini akanong'ona, amemshika hamwachii, "nilidhani hutakuja."

Kwenye sinia zilibaki bangili chache. Alamelu akaokota moja. "Vasumathi, lete mkono."

"Mimi, Attai? Mjane?"

"Nimechelewa sana, najua. Wewe lete tu."

Bangili ikapita kwa taabu, maana mkono ulikwisha nenepa. Kisha bibi mwenyewe akakunja mkono wa blauzi yake, akanyoosha kiganja, akangoja kuvishwa.