Chupa Zilizoandikwa LIMI

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba mimi, Hosiana wa kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana huku Runzewe, ni mtu wa mizaha. Sikatai. Lakini mradi wa maji haukuwa mzaha.

Maji ya kisima chetu yalikuwa yamelaza nusu ya bweni, dawa ya kutibu maji ilikuwa imekwisha stoo, na kuni zilitosha kupikia uji tu. Nikasoma kitabuni kwamba jua lina mionzi iitwayo urujuanimno, neno ambalo nililitamka kwa heshima zote kila nilipopata nafasi, hata kwenye sala ya chakula. Mionzi hiyo huua vijidudu bila dawa yoyote. Unachuja maji kwa kitambaa mpaka yang'ae, unayatia kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, unailaza juu ya bati kutwa nzima.

Nikaokota chupa stendi, nikazisugua. Nyingine nilizipandisha kwenye bati la stoo, nyingine nikazifungia kabatini ili kulinganisha. Kisha nikazibandika karatasi. Za kabatini niliandika GIZA. Za juani nilitaka neno la herufi nne vilevile, zipendeze zikipangwa mezani, na JUA lina tatu. Kwa Kisukuma jua ni limi. Nikaandika LIMI.

Rafiki yangu wa kitanda cha juu naye anaitwa Limi. Tulicheka sana.

"Umenianika kwenye bati niungue, Hosi!" alisema. Kazi yake katika mradi ilikuwa kushika ngazi.

Tulidondoshea maji yale kwenye vipande vya viazi vilivyochemshwa, tukavifunika, tukasubiri. Vya GIZA viliota utelezi wa njano na harufu ya soksi za mwanafunzi fulani nisiyemtaja. Vya LIMI vilibaki karibu visafi. Mradi bora ungekwenda kwenye maonyesho ya sayansi Shinyanga mjini, pamoja na mwanafunzi mmoja tu. Nilitaka kupanda gari la kwenda huko kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Siku ya ukaguzi wa miradi nilikuwa jikoni, nikisugua masufuria kwa adhabu. Mwalimu Donatus, anayetufundisha biolojia, ametoka Songea, na alipotaka kujifunza Kisukuma nilijitolea kumfundisha. Nilimwambia wapishi husalimiwa "nakutogilwe". Akaenda kumwambia Mama Maduhu, mpishi mkuu, mbele ya foleni nzima ya uji, kwamba anampenda.

Nilipotoka jikoni nikakuta darasa linampigia Limi makofi. Mwalimu alikuwa ameona jina lake kwenye chupa.

"Shikamoo, Mwalimu. Chupa zile ni zangu."

"Marahaba. Zako, na zimeandikwa Limi?"

"Limi ni jua, Mwalimu. Kwa Kisukuma."

"Kisukuma chako, Hosiana, nimeshakionja." Watu wakaangua kicheko. "Na hizi nyingine? Giza nalo ni Kisukuma?"

"Nilitaka herufi zilingane."

"Ahaa." Akamgeukia mwenzangu. "Limi, jina lako lina maana gani?"

Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Huyu ni Limi aliyezaliwa saa sita mchana, ambaye kila mgeni wa bweni husimuliwa kisa cha jina lake kabla hajafungua sanduku.

Limi aliangalia viatu vyake. "Sijui, Mwalimu. Ni jina la bibi tu."

Nikageuka kulitazama darasa. Wasukuma walikuwa wamejaa mle ndani, na kila mmoja aliangalia pembeni. Labda walidhani ni mchezo wangu mwingine. Labda walikuwa wanasubiri kwa muda mrefu zamu yao ya kunicheza.

Jioni Limi alinifuata bombani nilipokuwa nafua.

"Hosi. Wakiniuliza kwa nini chupa isiwe ya kijani, niseme nini?"

"Sema vijidudu vikiona kijani vinadhani ni mchicha, vinanenepa."

Alitaka kucheka. "Hiyo ya uongo. Niambie ya kweli."

Hapo ndipo iliponiuma hasa. Mwalimu hajui kutofautisha uongo wangu na ukweli wangu. Limi anajua. Kwa hiyo na pale darasani alijua.

"Kwa nini, Limi?"

"Alisema nina akili. Mbele ya watu wote." Alikuwa anavuta uzi wa sketi yake. "Mimi sijawahi kuambiwa, Hosi. Nilitaka nikae na neno hilo kidogo, halafu nikashindwa kulirudisha."

"Lirudishe sasa. Mwalimu yupo ofisini."

Alisimama tu, akisubiri jibu la chupa ya kijani.

"Rangi huzuia mionzi," nikasema mwishowe. "Na maji ya tope hayafai, vijidudu hujificha kwenye kivuli chake."

"Asante, ndugu yangu."

"Usinishukuru. Sitaki tu chupa zangu ziaibike Shinyanga."

Asubuhi aliingia garini, chupa mapajani. Mwalimu Donatus akaamuru tumpe makofi ya pasha, yale ya kusugua viganja kwanza, akatafuta mtu wa kuongoza, akanikuta.

"Hosiana, wewe si una sauti? Leo itumie kwa heri."

Nikasogea mbele. "Pasha!" nikaita, na shule nzima ikaitikia kwa viganja. Limi hakugeuza shingo. Gari likatoka getini, wenzangu wakashusha mikono, na mimi nikaendelea kupiga makofi peke yangu, mpaka Mwalimu akaniambia inatosha.