Ubeti Alioniambia Niufute

Nina miaka kumi na tisa nikirekodi watu wanaojisifu, na rapa akiniambia hajali watu wanasema nini, huwa namsogezea kiti, maana najua nusu saa nzima inayofuata tutazungumzia watu wanasema nini. Gu Taerim ni mmoja wao. Siku alipoleta albamu yake ya pili studioni kwangu hapa Mangwon, chini ya duka la mapazia, alikaa na koti lake mwilini akanisomea kutoka kwenye simu yake maneno ya mtu asiyemjua hata kwa sura.

"'Taerim ni mgeni mzuri. Mkaribishe kwenye wimbo wako, atakuchangamshia nyumba. Ila usiende kwake, utalala njaa.'"

"Huyu naye kaandika lini?"

"Miaka minne iliyopita."

"Na bado unayo?"

"Nimeyapiga picha, dada."

Kusema kweli, mtu yule hakuwa amekosea sana. Taerim alianza na kundi la watu watatu. Wakavuma miaka minane, kisha mmoja akaoa akahamia Jeju, mwingine akawa mtangazaji wa redio, naye akabaki peke yake. Tangu hapo akawa mtu wa kolabo. Mwenye wimbo uliopooza alimwita, Taerim akaja na mistari kumi na sita, wimbo ukasimama. Nimemrekodi kwenye nyimbo za watu zaidi ya arobaini. Lakini albamu yake mwenyewe ya kwanza, miaka sita iliyopita, ilikuwa na wageni saba wa maana na bado ilipita kimya kimya, kama haikutoka.

Sasa ana miaka thelathini na minane. Shemeji yake ana duka la vigae Daejeon, na alikuwa amemwekea nafasi ya kazi hadi majira ya kuchipua.

"Hii nayo isiposikika, nakwenda kuuza vigae," aliniambia. "Sikutishi, dada. Nimeshaangalia na nyumba ya kupanga."

"Vua koti kwanza ndiyo uhame," nikamjibu. Mimi namzidi miaka minane, kwa hiyo naruhusiwa.

Wimbo alioutegemea ni ule wa baba yake, fundi wa lifti, aliyetengeneza lifti za maghorofa ya watu miaka thelathini na hakuwahi kuishi kwenye jengo lenye lifti. Mzee alifariki miaka miwili iliyopita. Beti mbili za kwanza ni za Taerim, halafu kiitikio, halafu ubeti wa mgeni. Mgeni mwenyewe ni Pyo Sangyeop.

Sangyeop nampenda, na niseme hilo mapema kabla sijaanza kumsema. Ana miaka ishirini na sita, mwaka jana alishinda mashindano ya runinga, na sasa uso wake uko kwenye maboksi ya kuku wa kukaanga. Taerim ndiye aliyemtoa Incheon, akamlisha, akamfundisha kuvuta pumzi kwenye maiki. Umaarufu haukumharibu. Hadi leo wakikaa kunywa anageuza uso pembeni kabla ya kumeza, kama mdogo anavyotakiwa mbele ya mkubwa wake, hata pale ambapo ukumbi mzima umekuja kwa ajili yake yeye.

Alikuja Jumanne adhuhuri na mfuko wa machenza. Taerim hakuwepo, hapendi kuwasimamia wageni wake. Sangyeop akaingia chumba cha kurekodia, akanikonyeza, akachana mistari yake.

Sina tabia ya kusisimka. Siku ile nilisahau mkono wangu juu ya mitambo. Kwenye ubeti wake alimleta mama yake, mfagiaji wa jengo la ghorofa kumi na nne, mwanamke anayeogopa lifti hata akapanda ngazi na ndoo yake kila siku. Siku moja magoti yakamshinda. Akasimama mbele ya ule mlango wa chuma, akauliza, nani ameitengeneza hii, nimwamini? Hakuna aliyejua. Ndipo Sangyeop akajibu kwa jina kamili la baba yake Taerim, mara tatu, akipaza sauti kama anayemwita mtu ghorofani: Gu Byeongtaek! Gu Byeongtaek! Gu Byeongtaek!

Kwetu mtu hatamki hivyo jina la baba yake mwenyewe. Analikata silabi moja moja kwa heshima, tena akiulizwa. Taerim kwenye beti zake mbili hakuligusa kabisa. Na huyu bwana mdogo kalipigia kelele.

Alitoka akiwa ametota jasho. "Nipigie beti za kaka Taerim nisikie."

Nikampigia. Zilikuwa nzuri, safi, zenye uangalifu mwingi. Sangyeop alimenya chenza hadi mwisho na hakulila.

"Dada, futa wangu."

"Nifute nini?"

"Nimemfunika."

"Umemfunika, ndiyo. Si ndicho alichokuitia? Angetaka mtu wa kuitikia ndiyo ndiyo angemwita binamu yake."

"Kwenye wimbo wa baba yake, dada? Kwenye albamu inayoamua kama anabaki au anakwenda kuuza vigae? Mimi ni nani? Na lile jina nimelitamka kama namwita muuza samaki. Nimepitiliza. Futa, nirudie."

Akarudia. Hakukosea hata neno. Jina akalitoa, mama akambakiza nusu, sauti akaishusha kidogo tu, kama mtu anayepunguza mwendo ili mzee anayetembea naye asijione amechoka. Ulikuwa ubeti mzuri ambao usingeukumbuka ukifika mlangoni.

"Usimwambie," akasema akivaa viatu. "Tafadhali sana, dada Junghwa."

Sikuufuta ule wa kwanza, maana sifuti kazi ya mtu. Lakini niliotuma kwa Taerim ni ule wa pili. Nilijiambia kwamba hayo ni yao wawili, mimi ni fundi mitambo tu, kazi yangu ni sauti. Nimejificha nyuma ya maneno hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Jioni ileile Taerim akanipigia simu akipiga kelele. "Umesikia, dada? Nimesimama naye! Nimesimama na Sangyeop na sijaanguka!"

"Nimesikia."

"Sema basi kitu, we mwanamke mgumu!"

"Hongera," nikasema.

Siku nne nzima alikuwa mtu mwingine. Alinipeleka kula supu ya utumbo mchana, akamsifia mama wa supu hadi mama akamwongezea nyama, akanieleza kwa urefu jalada la albamu litakuwa na rangi gani. Nilimwangalia akicheka na mdomo umejaa wali, na nikaichukia supu yangu. Mtu akifurahi hivyo mbele yako nawe unajua unachojua, huwezi kukaa vizuri kwenye kiti.

Siku ya tano akaja bila kupiga simu. Hakukaa.

"Huyu mtoto amefunga breki," akasema.

"Breki gani tena?"

"Mstari wa tisa. Anavuta pumzi kubwa. Pumzi ile nilimfundisha mimi, na unaivuta ukitaka kupanda. Ameivuta, halafu hakupanda. Nimesikiliza mara mia, dada. Amefika mlangoni akakumbuka niko ndani, akarudi nyuma." Akapitisha mkono usoni. "Amegeuza uso, kama anavyofanya na glasi."

Angekuwa mtu mwingine ningemdanganya papo hapo.

"Najua kwa sababu nami nimewahi kufanya," akaendelea. "Unamkumbuka kaka No Gihun? Aliniita kwenye wimbo wake wa kurudi jukwaani. Nilikuwa na ubeti wa kumzika. Nikamwonea huruma, nikaandika mwingine. Akafurahi kama mimi juzi kwenye supu. Akasema, bado ninaweza, Taerim, umeona? Akaacha kazi yake ya kufundisha, akatoa albamu mbili zaidi, zote zikafa. Kila mwaka mpya ananipigia kunishukuru. Nami namwambia, kaka, heshima ilikuwa yangu."

Akasimama akitazama ukuta. Nikamwona midomo ikicheza, na nikajua anahesabu nini kabla hajaniuliza.

"Dada. Albamu ya kwanza. Wageni saba. Wewe ndiye uliyewarekodi wote."

"Taerim."

"Wangapi?"

"Acha hizo, mambo ya zamani."

"Wangapi walirudia?"

"Watatu," nikasema.

Nilitaka anitukane. Aliinama tu, akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari. "Miaka sita najiuliza kwa nini albamu ile ilikuwa ya baridi. Kumbe mlijua."

"Tulikuwa tunakuheshimu."

"Mlikuwa mnanizika kwa adabu. Angenishinda mtu mmoja wakati ule, mmoja tu, nisingelala. Ningeandika upya yote." Kisha sauti ikamtoka nyembamba. "Nifungulie ule wa kwanza wa Sangyeop. Unao. Nakujua, hufuti."

Niliona aibu, na siitafutii jina lingine. Nikamfungulia.

Alisikiliza ameinamisha kichwa, akitingisha goti. Mama na ndoo yake walipofika mbele ya mlango wa chuma, goti likatulia. Jina la baba yake lilipoitwa mara ya kwanza alisimama wima, kama mtu aliyeitwa yeye. Mara ya tatu alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono.

Nikazima mashine.

"Sijawahi kulisema hivyo," akasema hatimaye. "Hata mazishini nililikata kata. Mtu kafanya kazi miaka thelathini hakuna anayemjua jina, na mimi mwanawe namfanyia wimbo mzima bila kumtaja, naita heshima." Akatoa simu. "Sangyeop? Nimeusikia. Ule mwingine... Usiombe radhi, nyamaza nisikilize. Huu ndio unaotoka. Kesho saa nane mchana uko hapa, narudia beti zangu na wewe ukiwa umesimama. Na ukinipunguzia tena siku yoyote, mimi na wewe basi. Umenielewa? Haya. Umekula?"

Kesho yake Sangyeop alifika saa saba na nusu, mweupe kama karatasi, akataka kupiga magoti mlangoni. Taerim akamshika kola akamwinua.

"Kaka, nitakuumiza."

"Umeshaniumiza uliponihurumia. Kaa pale."

Tukaanza. Mara ya kwanza alikuwa na hasira, na hasira ikala maneno. Mara ya tatu alikuwa anamwigiza Sangyeop, nikamsimamisha mwenyewe. "Huyo tunaye tayari," nikamwambia kwenye maiki, "nataka mwana wa fundi lifti." Sangyeop akaniangalia kwa hofu, hajawahi kunisikia nikimsema Taerim hivyo. Mimi pia sijawahi kujisikia. Mara ya sita akaandika upya ubeti wa pili ameegemea mlango wa choo. Mara ya tisa akasahau maneno akaendelea tu, akasema mikono ya baba yake ilinuka grisi hata siku ya kuoga, na kwamba yeye akiwa mtoto alikataa kushikwa na mikono ile mbele ya wenzake. Hilo hakuwahi kunieleza. Mara ya kumi na moja jina likatoka, Gu Byeongtaek, zima, bila kukatwa, kwa sauti ya chini iliyokaribia kukatika. Sangyeop kwenye kona yake alikuwa ameshikilia kikombe cha kahawa kilichokwisha zamani.

Taerim akatoka, akajifuta uso kwa fulana, akanitazama mimi, si Sangyeop.

"Dada. Amenifunika?"

Nyuma yake Sangyeop akanitingishia kichwa haraka haraka, macho yananisihi. Nilimpenda zaidi kwa lile, na sikumsikiliza.

"Amekufunika," nikasema.

Feni ya mitambo ikavuma.

"Kwa mbali?"

"Jana kwa mbali. Leo anasikia viatu vyako nyuma yake."

Taerim akacheka, kicheko kikavu kikamgeukia kikohozi, akashika ukingo wa meza hadi kikaisha. Macho yalikuwa mekundu. "Basi kama ni vigae ni vigae," akasema, "lakini nitaviuza nikijua. Rudisha mwanzo, narudia tena."

Nikarudisha mwanzo. Kabla sijabonyeza, Sangyeop akaweka kikombe chini, akasafisha koo.

"Dada," akasema, na hakumwangalia kaka yake, "akimaliza, naomba na mimi nirudie wangu. Viatu vyake navisikia."