Mkono Uliosubiriwa Mwaka Mzima

Siku ya Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa moja na nusu asubuhi, Redempta alisimama katika chumba kimoja cha hospitali mjini Sumbawanga, mikono ameinyoosha kama mtu anayepimwa gauni, huku Daktari Munira akimchora mistari ya wino wa zambarau kuanzia kwapani hadi kwenye kiwiko. Dirisha lilikuwa limefungwa. Daktari mwenyewe aliagiza lifungwe, kwa kuwa Juni ni mwezi wa upepo katika nyanda za Ufipa, na mgonjwa tayari alikuwa ameinuka kiasi cha kiganja kimoja kutoka sakafuni.

"Shuka kidogo, mama," alisema daktari. "Mstari unakwenda upogo."

Nesi akakanyaga upindo wa gauni la mgonjwa, na kazi ikaendelea.

Redempta alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne na watoto watano. Miaka miwili nyuma alikuwa na kilo mia moja na ishirini na mbili, na zahanati ikamwambia kuwa sukari imepanda. Aliacha sukari kwenye chai, akaenda shambani kwa miguu, akalima matuta ya ntumba, yale ya kufukia majani, mpaka akafika kilo sabini. Mwili wote ulikubali mabadiliko hayo isipokuwa ngozi ya mikono. Hiyo ilibaki ikining'inia kutoka kwapani hadi kiwikoni kama viroba vitupu vilivyoanikwa kambani. Wakati wa joto ilimtoa vidonda. Wakati wa upepo ilijaa hewa na kumnyanyua.

Mara ya kwanza alikuwa anaanika ulezi. Upepo ulimchukua uani kwake ukamshusha zizini kwa Masanja, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani. Masanja alimpa maziwa ya mgando, akauliza habari za mashamba, kisha akamrudisha kwa pikipiki. Tangu siku hiyo Redempta alitembea na matofali mawili kikapuni, na mikono ya blauzi akaifunga kwa vitambaa vya kanga. Kijijini kwao, upande wa kuelekea Chala, watu hawakulizungumza sana jambo hilo. Kila kaya ina lake.

Lililozungumzwa sana lilikuwa kura.

Wanawake thelathini na mmoja walikuwa wakisoma elimu ya watu wazima katika ghala la zamani la ushirika, chini ya Mwalimu Rhoda. Humo Redempta alijifunza kusoma, akiwa tayari mama wa watu wazima. Mnunuzi mmoja wa mahindi kutoka mjini akalitaka ghala hilo. Shauri likafikishwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mwezi Julai mwaka 2024, liamuliwe kwa kunyoosha mikono. Mkono uliofungwa haunyooki vizuri, kwa hiyo Redempta alifungua vile vitambaa, akainua, na upepo ukampeleka juu ya paa la zahanati. Kutoka huko alipaza sauti kwamba anataka darasa.

Mtendaji wa kijiji, Clemens, alitangaza hamsini na saba kwa hamsini na saba.

"Na mimi je?" aliuliza Redempta kutoka juu.

"Anayehesabiwa ni mkazi aliyemo katika eneo la mkutano," alijibu Clemens kwa upole. "Juu si eneo la mkutano."

Shauri likaahirishwa kwa mwaka mmoja. Darasa likabaki ghalani, likisubiri mkono mmoja.

Ndiyo maana, kambi ya madaktari bingwa ilipotangazwa Sumbawanga, Redempta alikuwa wa tatu katika foleni. Daktari Munira, binti wa wenye duka la vitambaa karibu na stendi ya mabasi, alikuwa amerudi nyumbani akiwa bingwa wa upasuaji wa ngozi. Hakumficha kitu.

"Tutakulaza kwa nusu kaputi. Kazi itachukua saa tatu. Nitakata upande wa ndani wa mkono, niondoe ngozi iliyozidi, nishone. Utaamka na mirija miwili ya kutolea maji, na mikono itavimba. Sehemu nyingine zitakuwa na ganzi kwa miezi. Na makovu hayaondoki, mama. Yatakuwa mekundu, baada ya mwaka yatafifia, lakini utazeeka nayo."

"Nina makovu ya kuzaa na ya jembe," alisema Redempta. "Yatapata wenzake."

"Utalala chali, mikono juu ya mito. Utavaa soksi za mikono zinazobana, usiku na mchana. Kwa wiki sita huinui ndoo, hutwangi, hubebi mjukuu, na mkono haupiti bega."

"Ukipita?"

"Kidonda kitafunguka kwapani, tutaanza upya."

Redempta alihesabu kwa vidole. Wiki sita zilikuwa zinaishia tarehe 22 Julai. Mkutano mkuu, kama alivyojisomea mwenyewe kwenye ubao wa matangazo, ulikuwa tarehe 26.

"Zinabaki siku nne," alisema, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyegawiwa kiwanja.

Walipomletea fomu ya ridhaa, nesi alileta pia kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba. Redempta alikisogeza kando. Aliomba kalamu, akaisoma fomu yote, mbele na nyuma, kwa dakika arobaini, akiuliza maana ya maneno mawili. Chumba cha upasuaji kilimsubiri. Kisha akaandika jina lake, herufi nane, zote zikakaa juu ya mstari.

Ngozi iliyotoka, vipande viwili, ilikuwa na uzito wa kilo moja na robo. Nesi aliiweka kwenye sinia, akafungua dirisha ili hewa ipite. Vile vipande viwili vikajikung'uta kama kuku aliyetoka kwenye majivu, vikainuka, vikapita dirishani na kushika njia ya Chala.

"Zimekwenda," alisema nesi.

"Andika," alisema daktari, bila kuinua macho kutoka kwenye mshono.

Nesi akaandika katika daftari la chumba cha upasuaji: Zimeondoka zenyewe.

Jioni hiyo mume wake, Wilibrodi, alipiga simu. "Ngozi zako zimefika salama. Zimetua juu ya paa la ghala. Wewe unarudi lini?"

Alirudi Jumapili. Mirija ilikuwa imetolewa siku iliyotangulia. Alipanda basi na mto chini ya kila mkono, na abiria wakampisha bila kuuliza. Alipofika, vipande vile viwili vilikuwa vimekaa kwenye mgongo wa paa, vimeelekea upepo unakotoka, na watu walikuwa wameshaanza kuvitazama asubuhi kabla ya kupepeta maharage.

Wilibrodi alikuwa ameuliza swali moja tu kabla ya upasuaji: nani atasonga ugali? Redempta alikuwa amejibu, "Wewe," na Wilibrodi akakubali kama mtu aliyeambiwa kesho ni Jumatano. Sasa alisonga. Dada yake, Leonia, alikuja kumjulia hali wifi yake, akaonja tonge moja.

"Kaka, huu ni ugali au kokoto za barabara?"

"Kula, dada. Meno unayo."

"Wifi, pona haraka. Mkono mmoja haulei mwana, na huyu kaka yangu hata hiyo miwili aliyo nayo haisongi."

"Usinichekeshe, Leonia. Nyuzi zinavuta."

Redempta aliandika kila siku katika daftari lake la darasa, akiegemeza kiwiko kwenye mto. Siku ya tisa aliandika: Mkono umewasha kama siafu wanapita ndani. Daktari alisema ni kupona. Siku ya kumi na nne: Nimekaguliwa nyuzi, mshono umefunga, mkono wa kushoto umevimba kuliko wa kulia. Siku ya kumi na saba: Nimechoka kulala chali kama samaki wa kukaushwa. Wazee walipopita kumsalimu kwa makofi, kama desturi ya Wafipa ilivyo, aliitikia kwa ncha za vidole tu, nao wakaelewa.

Siku ya ishirini na tatu upepo mkali ulivuka kijiji. Uliangusha ua wa jirani na kuviringisha ndoo hadi barabarani. Redempta alikuwa uani bila tofali hata moja. Upepo ulimpita kama unavyompita mtu yeyote, ukamchezea kanga ukaenda zake. Alicheka peke yake hadi kuku wakatawanyika.

Wanafunzi wenzake walikuja kila jioni kuutazama mkono. Walikuwa wanajua umefika wapi, kama watu wanavyojua mahindi yamefika wapi. Wiki ya nne ulifika kifuani. Wiki ya tano ulifika usawa wa bega, na Mwalimu Rhoda akamkataza asiongeze hata unene wa kidole. Usiku Wilibrodi aliifunga mikono ya mke wake kwenye mito kwa vile vitambaa vya kanga vya zamani, asije akapiga kura usingizini.

Tarehe 22 Julai, Daktari Munira alimvua soksi za kubana, akapitisha kidole juu ya makovu.

"Inua."

Redempta aliinua mkono wa kulia, ukapita bega, ukapita sikio, ukanyooka. Dirisha lilikuwa wazi. Hakuna kilichotokea. Daktari na nesi walipiga makofi.

Jumamosi, tarehe 26 Julai, kijiji kilikutana mbele ya ghala. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye nyasi nyuma yao, na vile vipande viwili juu ya paa. Upepo ulikuwa mkali. Kwa kuwa mikono yake haikufaa kusukumwa, Redempta alipewa kiti mbele, kando ya meza ya mtendaji. Hakuwa amewahi kukaa karibu na meza ile. Mbele ya Clemens kulikuwa na kitabu cha muhtasari, kimefunguliwa, na Redempta alikisoma kama anavyosoma sasa kila kitu kilichoandikwa, hata pakiti za chumvi.

Iliandikwa kwa wino wa bluu, nao ulikuwa umeshakauka: Wanaotaka darasa, arobaini na wanne. Wanaotaka kumpa mnunuzi ghala, sabini. Mkutano ulifungwa saa saba mchana.

Ilikuwa saa nne na robo.

"Mtendaji," alisema Redempta, "hesabu yako imetangulia mikono."

Clemens alimtazama kwa adabu. "Muhtasari huandaliwa mapema, mama, ili wananchi wasikae sana juani."

"Mwaka jana pia?"

"Mwaka jana pia. Ila mwaka jana niliuandaa kwa haraka, ukatoka sare." Akafunika kalamu yake. "Naona mkono umepona vizuri. Pole sana na hongera."

Mwenyekiti aliwaomba wanaotaka darasa wanyooshe mikono. Redempta alisimama. Aliinua mkono wa kulia, na kovu likaonekana, jekundu, limenyooka kama mstari wa daftari. Miguu yake ilibaki ardhini. Nyuma yake wenzake walipiga vigelegele, wote wakainua mikono, na wanaume wasiopungua ishirini wakainua pia, Wilibrodi wa kwanza. Redempta alihesabu taratibu, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Themanini na moja. Kisha wakainua wanaotaka ghala litolewe, naye akahesabu hao pia, kwa haki. Thelathini na sita.

Clemens alisimama akatangaza arobaini na wanne kwa sabini.

Redempta aliwaeleza watu alichokisoma. Hakuna aliyeshtuka. Mzee mmoja alisema hata wakati wa baba yake wino ulikuwa ukikauka mapema. Mwalimu Rhoda aliomba mikono ihesabiwe upya, na mwenyekiti akamwonyesha kwamba mkutano, kwa mujibu wa muhtasari, ulikuwa umeshafungwa. Wanawake walipeleka barua ngazi za juu. Redempta ndiye aliyeiandika, kurasa mbili, bila kosa hata moja. Ilipokelewa, ikagongwa muhuri. Muhuri ulikuwa mzuri.

Mahindi yaliingia ghalani mwezi Agosti, na darasa likahamia nje, kwenye ukuta wa upande wa mashariki, ubao umeegemezwa kwenye matofali mawili ya Redempta.

Mvua ya kwanza iliwakuta hapo Jumatatu, tarehe 24 Novemba. Wanawake walikuwa wanaandika. Matone yalipoanza, vile vipande viwili vya ngozi vilishuka kutoka kwenye mgongo wa paa, vikajinyoosha hewani, kimoja kulia na kingine kushoto, vikatanda kutoka ukutani hadi njiani. Vilikuwa vimezoea kumbeba mtu wa kilo sabini. Wanafunzi thelathini na wawili viliwatosha. Mwalimu Rhoda alingoja ngurumo ipite, kisha akaendelea.

Baada ya muda Clemens alipita, mwavuli wake umegeuzwa na upepo, viatu mkononi.

"Naomba hifadhi, akina mama."

"Karibu, mtendaji," alisema Leonia, aliyekuwa amejiandikisha wiki hiyo. "Ila hapa tunahesabu waliopo. Wewe ni wa thelathini na tatu."

Wakabanana kidogo, akakaa. Nyuma ya ukuta, mahindi yalikuwa makavu kabisa. Somo la siku hiyo lilikuwa namna ya kuandika muhtasari wa mkutano: kwanza mahudhurio, kisha hoja, kisha kura, na kura huandikwa baada ya kupigwa. Clemens alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni somo zuri, akaenda zake mvua ilipokatika.

Redempta alikuwa na swali. Aliinua mkono, moja kwa moja, juu kabisa, na Mwalimu Rhoda akauona.

Nawe uliyesoma habari hii hadi hapa, mpelekee jirani yako. Kama hajui kusoma, msomee. Na mkiwa wengi, nyoosheni mikono, mhesabiane wenyewe.