Kiti cha Kinyozi

Chama chetu kilizaliwa kwenye foleni ya kunyoa. Mume wa shangazi yangu alikuwa na kibanda cha kinyozi nyuma ya stendi, na waliosubiri zamu walizoea kulalamika: maji hayatoki, mishahara imechelewa, diwani haonekani. Siku moja akazima mashine akasema, "Kila mwezi nywele zinaota na kila mwezi mnalalamika. Nywele angalau tunazikata." Wakacheka. Wiki iliyofuata walirudi hata wenye vipara.

Mimi ni seremala. Viti vya mikutano nilitengeneza mimi, kwa hiyo historia ya chama naijua kwa viti. Mwanzoni havikutosha, watu walikaa madirishani. Kisha tukagombana juu ya nani asimame kwenye ubunge, na walioondoka wakaondoka na viti vyao. Baadaye tukagombana juu ya kuungana na chama kingine, vikaondoka vingine. Ugomvi wa tatu sikumbuki ulihusu nini. Nimewauliza waliobaki, nao hawakumbuki. Sasa tunaenea kwenye benchi moja, na nafasi inabaki.

Ule ugomvi wa kwanza ulimuumiza sana Kinyozi, mwenyekiti wetu. Hakutaka mtu mwingine aje kupindua uongozi kwa kelele. Tukaandika kwenye katiba kwamba nafasi ya mwenyekiti itakuwa wazi akifa, au akijiuzulu kwa sahihi yake, basi. Na katiba yenyewe haibadilishwi bila sahihi hiyo hiyo. Tulipiga makofi hadi viganja vikauma. Hatukufikiria kwamba mtu anaweza kutoweka.

Walimchukua mchana, akiwa katikati ya kumnyoa makamu wake, nesi wa zahanati. Gari halikuwa na namba. Nesi alirudi nyumbani kwa miguu, upande mmoja wa kichwa una nywele na upande mwingine hauna, na watoto wa mtaani wakamfuata wakimzomea. Tangu hapo ndiye kaimu mwenyekiti. Ukaimu umekaa hadi umekuwa jina lake. Wajukuu wake humwita Babu Kaimu.

Kiti cha kunyolea tulikihamishia ofisini, chumba kilicho nyuma ya karakana yangu. Hakikaliwi. Bendera ya chama, yenye jina la Kinyozi, tuliitundika dirishani. Kila Jumamosi Kaimu huita majina kwa kichwa, akianza na la Kinyozi, na shangazi yangu hujibu, "Yuko safarini." Kaimu husema, "Udhuru umepokelewa." Nyumbani kwa shangazi ndala za mumewe ziko mlangoni mpaka leo. Akifagia huziinua, kisha huzirudisha zikiwa zimeelekea ndani.

Mwaka huu ikatoka sheria mpya: chama kinachoongozwa na kaimu kwa zaidi ya mwaka kifutwe. Siku ya mwisho ya muda tuliopewa, afisa wa msajili akaja kutukagua. Alikuwa binti mpole. Alivua viatu mlangoni ingawa sakafu yetu ilikuwa imejaa maranda ya mbao.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa," alisema Kaimu.

Binti akaelekea kwenye kiti cha kunyolea.

"Sio hicho!" tulisema wote kwa pamoja. Akashtuka kama aliyekanyaga paka.

Alipokaa kwenye benchi alisoma katiba yetu polepole, akairudia. "Hii mliandikiwa na mwanasheria?"

"Tuliandika wenyewe," akajibu mshona nguo tunayemwita Spika, kwa sababu hanyamazi. "Mwanasheria angetuharibia."

Binti hakucheka. "Wazee, mnachagua mwenyekiti leo, hapa hapa, mbele yangu, au nafunga. Na mnachagua tu kama nafasi iko wazi. Huyu mwenyekiti wenu, amejiuzulu?"

"Hajajiuzulu," akasema Kaimu.

"Amefariki?"

Kaimu alinivuta pembeni hadi nyuma ya meza ya msumeno.

"Mimi simwambii shangazi yako neno hilo," akaninong'oneza. "Nilikuwa nimekaa pale, povu shingoni. Sikushika hata mkono wake. Leo niwe mimi wa kumzika?"

"Hakuna aliyekuomba uzike," Spika akadakia kutoka kwenye benchi, maana chumba ni kidogo. "Ni kusema tu. Maneno ni maneno."

"Wewe mama, funga mdomo angalau leo," Kaimu akamkemea.

"Nikifunga mimi, atafungua nani? Chama kinakufa mnaoneana haya!"

Shangazi alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, karibu na kiti. Alikuwa akiondoa vumbi la mbao kwenye sehemu ya kuwekea mkono, kwa kidole kimoja.

"Mwanangu," alimwambia binti, "nikisema, chama kinabaki?"

"Kama nafasi iko wazi, mnachagua, mama. Kinabaki."

"Jina lake litabaki kwenye bendera?"

"Bendera ni yenu."

Nilitaka kusema, shangazi, usiseme. Nilitaka pia aseme. Hadi leo sijui lipi lilikuwa sahihi.

"Basi andika," alisema. "Mume wangu amekufa."

Kaimu akageukia ukuta. Binti aliandika, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Cheti cha kifo unacho, mama?"

"Cheti?"

"Bila cheti siwezi kuandika kwamba nafasi iko wazi. Samahani sana, nilidhani mnacho."

Shangazi aliacha kufuta vumbi. "Nimekwenda kituoni kwao mara nyingi," alisema. "Wanasema hawajawahi kumchukua mtu wa namna hiyo. Hawana mwili, hawana taarifa. Wanasema labda amesafiri."

Binti alifunika kalamu yake. Sidhani alifurahi. Alivaa viatu, akaomba bendera iliyokuwa dirishani, nikaishusha mwenyewe nikaikunja na kumpa. Kabla ofisi za serikali hazijafungwa siku hiyo, tulikuwa si chama tena.

Jumamosi iliyofuata hakuna aliyemwita mwenzake, lakini wote tulikuja. Tukakaa kwenye benchi. Shangazi akakaa karibu na kiti. Kaimu alisimama, akakohoa, akaita jina la Kinyozi kama kawaida, kisha akajishika mdomo. Shangazi alifungua kinywa, akakifunga. Lile jibu lake la siku zote alikuwa amelitoa sadaka siku aliyomwambia afisa kwamba mumewe amekufa, na mkononi hakupewa kitu.

"Ruka," alisema.

Kaimu akaruka, akaita jina lake mwenyewe.