Mbegu Juu ya Moto

Mimi na mama mkwe wangu Wavinya hatujapendana tangu siku nilipoolewa kwake, na sitajifanya. Lakini ugomvi uliotufikisha hospitali ya Kathonzweni ulikuwa wa dirisha.

Jiko lake ni kijumba cha udongo kisicho na tundu hata moja. Juu ya mafiga ametundika mahindi ya mbegu, meusi tititi kwa masizi, kwa sababu moshi hufukuza dumuzi wanaotoboa punje. Mvua ikikaribia, majirani huja kumwomba mbegu, naye hutembea kifua mbele wiki nzima. Kwa hiyo ukuta usiguswe, moshi usitoroke. Mwanangu Muindi, wa miezi minane, alikuwa ameshaugua nimonia mara mbili kwa kulala mgongoni mwangu nikipika humo ndani.

"Mwaitu, huyu mtoto atakufa," nilimwambia, nikimwita mama kwa Kikamba kama adabu inavyotaka.

"Mimi nimezaa tisa hapo hapo. Wewe umezaa mmoja na unanifundisha?"

Jumapili alipoenda kanisani nilichukua mtaimbo nikatoboa ukuta. Aliporudi, aliziba tundu kwa gunia na kuwasha kuni mbichi, makusudi kabisa. Kesho yake asubuhi Muindi alikuwa akihema hadi mbavu zinaingia ndani. Nilimbeba nikakimbia, na mama mkwe akanifuata nyuma. Hakuja kwa huruma. Alitaka daktari asikie kwamba nimemwogesha mtoto maji baridi.

Daktari, kijana mmoja mpole, alimwekea Muindi oksijeni. Alisema tumewahi na atapona, ila asirudi kwenye moshi. Wavinya akaanza mashtaka yake ya maji baridi, lakini kikohozi kikamkata kila baada ya maneno mawili. Daktari akamsikiliza kifua, kisha akamwita kwa heshima kama mjukuu amwitavyo nyanya yake.

"Susu, umevuta sigara miaka mingapi?"

Nilicheka kwa sauti. Wavinya, kiongozi wa akina mama kanisani, anaulizwa sigara! Alifungua kinywa kukana, kikohozi kikamkata tena.

"Hajawahi kushika sigara, daktari," nilimjibia. "Ni kuni, na jiko halina dirisha."

Daktari aliandika. "Uko na watoto wangapi, susu?"

"Nilizaa tisa. Wanne walikufa wakiwa wadogo. Waliuliwa na Syombua, mke mwenzangu. Aliwaroga."

"Walikuwa wanaumwa na nini?"

"Kifua."

"Na walikuwa wanalala wapi?"

"Jikoni. Ndiko kulikuwa na joto."

Daktari aliacha kuandika. Mtu mwenye moyo mzuri angeyaacha hapo hapo. Mimi sikuwa nao siku hiyo. Mwanangu alikuwa amelala mbele yangu na mpira puani.

"Kumbe Syombua hakuroga mtu," nilisema. "Miaka arobaini humsalimii, mwaitu, na watoto waliuliwa na huo moshi wako."

Nilingoja anitukane. Majibu nilikuwa nayo tayari, mengine mabaya kuliko hilo. Yeye alikuwa akitazama mbavu za Muindi zikipanda na kushuka.

"Mulwa ndiye alikufa wa mwisho," alisema hatimaye, bila kunigeukia. "Alikuwa anakohoa, anatetemeka. Nikasema ni baridi. Nikafunga mlango, nikaongeza kuni."